Kabla ya Kuchimba Msingi Bondeni: Kweli na Si Kweli

Malipo ya korosho yakishaingia, vijiji vya Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, huanza kubadilika sura. Minada ya chama kikuu cha ushirika RUNALI imepita, mkulima amepata chake, na ile nyumba ya miti na udongo aliyoachiwa na wazazi inabomolewa ukuta mmoja mmoja. Tofali za kuchoma zinapangwa uani, bati zinaagizwa mjini, fundi anauliza idadi ya mifuko ya saruji. Likunja, kata ya wilaya ya Ruangwa, nako ni hivyo hivyo. Hili ni jambo la kujivunia, kwa sababu nyumba bora ni afya ya watoto na heshima ya wazee.

Lakini watu hujenga palipo na maji: kandokando ya bonde, juu kidogo ya chemchemi, jirani na kijito ambacho kina mama walikuwa wakichota. Eneo hili liko kati ya mito miwili mikubwa, Mbwemkuru upande wa kaskazini na Lukuledi upande wa kusini, yote ikielekea Bahari ya Hindi. Msimamizi wa maji hayo ni Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara, moja kati ya bodi tisa za mabonde nchini.

Kuhusu kibali cha kukarabati nyumba iliyo karibu na maji, mengi husemwa barazani na kwenye foleni ya bomba. Baadhi ni kweli. Mengine yanaweza kumgharimu mtu akiba ya misimu kadhaa ya korosho. Tuyapime moja baada ya jingine.

1. “Ardhi ni yangu na hati ya kimila ninayo, kwa hiyo sina wa kumuuliza.”

Si kweli. Hati ya Hakimiliki ya Kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ni ngao kubwa. Inakutambua kuwa mmiliki, inakulinda dhidi ya mvamizi, na inaweza kurithishwa. Kila mwenye shamba au kiwanja kijijini anapaswa kuitafuta.

Hata hivyo, hati hiyo huja na masharti. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, pamoja na ardhioevu na miteremko mikali, miongoni mwa maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi ya hatari. Na maji yenyewe si ya mwenye kiwanja. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inasema maji yote ni mali ya umma, yakiwa chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi. Kwa hiyo kiwanja ni chako, lakini maji yanayopita juu yake na chini yake ni ya watu wote wanaoyategemea mbele ya safari. Kibali huombwa kwa ajili ya watu hao.

2. “Sheria ni mita 60. Nikiwa mita ya 61, niko huru.”

Nusu kweli. Kipimo hicho kipo, tena kina nguvu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto, na bwawa la maji.

Kosa la kwanza la watu wengi ni mahali pa kuanzia kupima. Kipimo huanzia kwenye ukingo. Hakianzii katikati ya mto, wala pale maji yalipoishia mwezi wa Septemba. Katika bonde pana la mchanga, tofauti hiyo peke yake inaweza kuimeza nyumba nzima pamoja na ua wake. Usipime kwa hatua zako ukaridhika. Omba mtaalamu wa Bodi ya Bonde au wa halmashauri ya wilaya aje akuonyeshe ukingo uko wapi.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mita 60 ndiyo mipaka yote. Waziri mwenye dhamana ya maji anaweza kutangaza katika Gazeti la Serikali eneo linalotiririshia maji kwenye chanzo kuwa eneo tengefu, na eneo hilo linaweza kuwa pana kuliko mita 60 mara nyingi. Bonde la Makutupora, ambalo visima vyake vimekuwa tegemeo la Dodoma, ni mfano unaojulikana. Maji yake yako chini ya ardhi, kwa hiyo kinacholindwa ni eneo kubwa linalopokea mvua na kuizamisha. Anayetazama juu ya ardhi haoni mto wowote, lakini bado yuko juu ya chanzo.

Kosa la tatu ni kusahau mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo za kijiji. Kijiji kinaweza kutenga eneo la chemchemi au msitu wa vyanzo vya maji, na sheria ndogo iliyopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya inambana kila mkazi.

3. “Kijito chetu hukauka kiangazi, kwa hiyo hakihesabiwi kuwa mto.”

Si kweli. Kusini mwa Tanzania mvua hunyesha zaidi kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Baada ya hapo vijito vingi hubaki mchanga mtupu. Kifungu cha 57 hakikusema kwamba kinalinda tu mito inayotiririka mwaka mzima.

Kwa maumbile, bonde kavu linaweza kuwa ghala. Anayechimba kisima kwenye mchanga mwezi wa Oktoba na kukuta maji anafahamu hilo vizuri. Maji yamejificha chini, yanasonga polepole, na chochote kinachozikwa kwenye ukingo kinaweza kuyafikia. Tena bonde lililokauka miaka mitano linaweza kurudi kwa usiku mmoja. Mafuriko ya Januari 2020 mkoani Lindi, hasa upande wa Kilwa, yaliua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Mei 2024, mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga. Mto una kumbukumbu ndefu kuliko mnunuzi wa kiwanja aliyefika kiangazi.

4. “Kibali ni cha nyumba mpya. Mimi nakarabati tu.”

Inategemea unachofanya. Kupiga lipu, kupaka rangi, kubadilisha mlango, au kuondoa nyasi na kuweka bati juu ya kuta zilezile ni matunzo ya nyumba. Lakini kubomoa ukuta wa udongo na kuchimba msingi mpya wa mawe na saruji, kuongeza vyumba viwili upande wa bonde, kuhamisha choo au kumwaga zege uani, hayo ni ujenzi wa kudumu hata kama mwenye nyumba anayaita ukarabati.

Ruangwa mjini na Nachingwea mjini, kama ilivyo katika maeneo mengine ya mipango miji, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inataka idhini ya mamlaka kabla ya kuendeleza ardhi. Utaandaa michoro, utaonyesha uthibitisho wa umiliki, na wataalamu wa halmashauri watakagua kiwanja. Kijijini utaratibu si uleule wa mjini, na hapo ndipo watu wanapojidanganya wakidhani hakuna utaratibu kabisa. Katazo la mita 60 halikugawa nchi kati ya mjini na kijijini. Linafika Likunja kama linavyofika Dar es Salaam.

Kipimo chepesi ni hiki: je, kazi hii itachimba ardhi, itapanua eneo lililofunikwa na nyumba, au itabadilisha mahali maji machafu yanapokwenda? Jibu likiwa ndiyo kwa moja kati ya hayo, uliza kwanza.

5. “Nyumba iliyokuwepo kabla ya sheria ya 2004 haiguswi.”

Nusu kweli. Vijiji vingi vya mikoa ya kusini vilipangwa upya wakati wa Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji. Watu walielekezwa mahali pa kujenga na Serikali yenyewe. Mzee aliyewekwa karibu na kijito wakati huo hakuvunja sheria yoyote, na si haki kumtaja leo kama mvamizi.

Ndiyo maana umri wa nyumba una uzito. Unathibitisha kuwa ulikuwepo, unakupa haki ya kusikilizwa, na unakupa hoja ya fidia iwapo eneo litatwaliwa. Sheria za ardhi za 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati. Tunza kila karatasi: risiti, barua ya kijiji, picha za zamani, majina ya majirani wanaoweza kushuhudia.

Lakini umri huo haukupi ruhusa ya kuipanua nyumba leo. Unachoongeza sasa kinapimwa kwa sheria ya sasa. Na anayejenga baada ya kuonywa anaidhoofisha hoja yake mwenyewe. Tazama bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, Serikali ilihimiza watu wahame. Desemba 2015 nyumba zikaanza kuwekwa alama nyekundu ya X na kuvunjwa. Miaka ya karibuni, mradi wa kuliendeleza bonde hilo umewalipa fidia wenye nyumba ili wapishe. Katika historia hiyo ndefu wako waliopata chochote na wako waliobaki na kifusi. Kumbukumbu zako zikiwa kamili, na kama hukuendelea kujenga baada ya katazo, unasimama mahali pazuri zaidi.

6. “Mwenyekiti amenikubalia kwa mdomo, imekwisha.”

Si kweli. Mwenyekiti wa kijiji ni mtu muhimu, na adabu inataka ajulishwe mapema. Lakini maamuzi ya ardhi hayako mikononi mwake peke yake. Halmashauri ya kijiji ndiyo hukaa, na muhtasari huandikwa. Hata halmashauri nzima ya kijiji haina mamlaka ya kufuta katazo la sheria ya nchi.

Njia iliyo salama kwa mkazi wa kijijini ni hii. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha peleka barua kwa afisa mtendaji wa kijiji ukieleza nyumba iko wapi, iko umbali gani na maji, na unataka kubadilisha nini. Ambatisha mchoro hata kama umechorwa kwa mkono, ukionyesha nyumba, choo, kisima, mteremko na bonde. Omba kamati ya mazingira ya kijiji ije kuona. Barua ikipita kijijini, ipelekwe halmashauri ya wilaya kwa afisa ardhi na afisa mazingira. Eneo likiwa karibu na chanzo au ndani ya eneo lililotangazwa, Bodi ya Maji ya Bonde iulizwe. Kama bomba au kisima cha mradi wa kijiji kiko jirani, washirikishe pia RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi Julai 2019, na chombo cha jamii kinachoendesha mradi huo.

Kila hatua, dai jibu la maandishi lenye tarehe, saini na mhuri. Wenyeviti hubadilika, watendaji huhamishwa. Karatasi ndiyo itakayobaki ikikusemea wewe na wanao.

7. “Hatari ni kuta za nyumba. Choo na tofali ni mambo madogo.”

Si kweli, na huu ndio upotoshaji unaoumiza zaidi. Ukuta wa tofali ukishakauka hauchafui maji. Kinachochafua ni kilichochimbwa na kilichozikwa.

Choo cha shimo kilicho karibu na kisima hupeleka vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo moja kwa moja kwenye ndoo. Wataalamu wa afya hushauri choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, kiwe upande wa chini wa mteremko, na sakafu ya shimo isikaribie maji ya ardhini. Usipime kina cha maji hayo mwezi wa Septemba. Pima kwa kukumbuka yanapofika masika. Anayejenga choo cha kisasa cha kuvuta aelewe kwamba sasa anamwaga maji mengi zaidi ardhini kuliko zamani, kwa hiyo mahali pa karo ni muhimu kuliko rangi ya masinki.

Kisha kuna tofali. Udongo mzuri wa mfinyanzi na maji ya kuukanda hupatikana bondeni, na ndiko watu wanakokwenda kufyatua. Shimo linalobaki hutuamisha maji na kuzalisha mbu, ukingo humomonyoka, na masika yanayofuata udongo huo unajaa kwenye kijito. Tanuru nalo linataka kuni, na miti ya karibu ndiyo ileile iliyokuwa ikishikilia ukingo. Mchanga wa plasta unaozolewa mtoni huondoa ghala la maji lililotajwa hapo juu. Kwa njia hii, nyumba iliyojengwa mbali kabisa na mto inaweza kuuharibu mto kuliko nyumba iliyo karibu.

Ziko njia nyingine. Chimba udongo mahali pa juu palipokubaliwa na kijiji na ufukie mashimo. Uliza kuhusu matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza kwa miaka mingi. Hushindiliwa kwa mashine kutokana na udongo na saruji kidogo, na hayahitaji kuchomwa. Ukiandika barua ya kuomba kibali, eleza pia udongo, mchanga na kuni vitatoka wapi. Maombi yanayojibu maswali hayo mapema humpa mkaguzi sababu ya kukuamini.

8. “Kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye bati hakuhitaji kibali cha bonde.”

Kweli. Sheria ya maji inamruhusu mwenye ardhi kukinga na kuhifadhi maji ya mvua kwa matumizi ya nyumbani bila kuomba kibali cha kutumia maji. Hii ni haki ambayo wengi hawaitumii.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lenye eneo la mita za mraba 60, katika msimu wa milimita 800, hupokea lita 48,000. Hata ukipoteza sehemu ya tano, unabaki na zaidi ya lita 38,000. Familia ya watu watano wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku inahitaji lita 100, hivyo tangi la lita 5,000 likijaa mwishoni mwa mvua litawatosha siku 50 za kiangazi. Anayeweka bati jipya na asiweke gata na tangi ameacha nusu ya faida ya bati hilo imwagike, na mara nyingi maji hayo ndiyo yanayochimba makorongo kuelekea bondeni. Katika mchoro wa ukarabati, chora gata kabla ya kuchora baraza.

9. “Nikiomba nitanyimwa, na nikinyimwa nimepoteza nyumba.”

Si kweli. Hofu hii ndiyo inayowafanya watu wajenge usiku na siku za mapumziko. Kumbe jibu la hapana mara nyingi linahusu sehemu fulani ya mpango, si nyumba yote. Choo kinaweza kuhamishwa upande wa barabara. Vyumba vipya vinaweza kuongezwa nyuma, mbali na bonde. Upande wa bonde unaweza kupandwa miti ya asili ya eneo na majani ya kushika udongo. Na pale ambapo kweli hapafai, mkazi anaweza kuiomba halmashauri ya kijiji kiwanja kingine na kuipeleka akiba yake mahali ambapo wajukuu hawatasumbuliwa.

Usiporidhika na uamuzi, omba sababu kwa maandishi. Migogoro ya ardhi ina ngazi zake kuanzia baraza la ardhi la kijiji, na sheria za maji na za mazingira zina njia zake za rufaa. Njia hizo humsaidia zaidi aliyeomba. Aliyejenga kwa siri huanza kesi yake akiwa tayari anajitetea.

Kibali hiki ni kwa faida ya nani?

Husemwa pia kwamba vyanzo vinalindwa kwa ajili ya watu wa mjini, huku mkulima akibaki na katazo. Tazama maji ya kusini yanavyosafiri. Maji ya chanzo cha Mbwinji yananywewa Masasi na Nachingwea. Maji ya mto Nyangao, upande wa Mtama, yametengewa mradi mkubwa wa kuvifikia vijiji vya Ruangwa na Nachingwea. Kijiji kinachotunza chanzo leo kinamnywesha jirani wa wilaya nyingine, na kesho kinanyweshwa na jirani ambaye naye alikubali kusogeza choo chake mita kadhaa.

Halmashauri, Bodi ya Bonde na RUWASA nao wana deni. Wajibu ombi kwa wakati, wafike kijijini badala ya kumwita mkulima mjini mara tano, waweke vigingi na mabango mahali mipaka ilipo, na waisome sheria kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kuja na rangi nyekundu. Mwananchi aliyeelezwa mapema hujenga mahali panapofaa kwa hiari yake.

Kwa upande wako, kama msimu huu unapanga kukarabati, andika ile barua kabla ya kununua saruji. Saruji ikishanunuliwa, kila siku ya kusubiri huonekana kama hasara, na haraka hiyo ndiyo inayompeleka mtu kuchimba asipopaswa kuchimba.